Skrini ya Ikiring

Akiror aliinamia skrini, akaweka jicho kwenye lenzi, na wazo la kwanza lililomjia ni kwamba wembe umepita hapo.

Wavu ulikuwa umepasuka kando ya fremu, upande wa kushoto, mpasuko wa urefu wa kiganja. Akiror alikuwa ameona nyavu nyingi zikipasuka. Wavu uliochoka huchanika ovyo, nyuzi zake hubaki na manyoya, na ufa hukimbilia huku na huku. Huu ulikuwa umenyooka. Nyuzi zote zilikomea mahali pamoja, kama nywele zilizopitiwa na kinyozi.

"Imepasuka saa ngapi?" aliuliza.

"Tulipoanza zamu," alijibu Olweny, msimamizi wa uchapaji. Alisimama upande wa pili wa mashine akijifuta mikono kwa kitambaa, na mikono yenyewe ilikuwa misafi. "Nimewasha, imepiga mara chache tu, nikaona wino unavuja pembeni. Nikazima."

"Na jana uliiacha nzima?"

"Nzima."

Hakumtazama usoni. Akiror aliifungua skrini kutoka kwenye mashine, akaibeba mwenyewe hadi ofisini kwake, akafunga mlango kwa ufunguo.

Kiwanda chao kilikuwa nje kidogo ya mji wa Tororo, nacho kilitengeneza stripu za kupima sukari ya damu. Mgonjwa huona kipande cha plastiki tu, lakini juu yake kuna njia nyembamba za umeme, zilizochapwa kwa namna ileile ambayo jina la timu huchapwa kwenye fulana. Wino wenye madini ya fedha hutangulia, wa kaboni hufuata, na kila wino husukumwa kwa mpira kupita kwenye skrini, ambayo ni wavu uliovutwa ukakazwa juu ya fremu. Palipo wazi wino hupita, palipozibwa haupiti. Wavu ukilegea, njia husogea au hunenepa, na stripu inaweza kumwambia mtu kwamba sukari yake iko sawa ilhali imepanda vibaya.

Miaka yote walikuwa wakichapa kwa mashine ndogo. Sasa mashine kubwa ilikuwa imefika, na hospitali za pande zote mbili za mpaka zilikuwa zikisubiri mzigo. Mashine kubwa hula skrini nyingi, na kazi ya kuchagua ni skrini za nani zinunuliwe alipewa Akiror, mhandisi wa ubora.

Wauzaji walikuwa wawili. Wakala mmoja wa Kampala alileta skrini za nyuzi za chuma kutoka ng'ambo, imara sana lakini ghali, na ukiagiza leo unangoja hadi unasahau. Wa pili alikuwa Samuel Ikiring, fundi wa Busia upande wa Kenya, aliyevuta nyavu za poliesta katika karakana yake mwenyewe. Ikiring alikuwa Mteso, wa kabila lililo pande zote mbili za mpaka. Akiror naye alikuwa Mteso, mzaliwa wa Sikuda, upande wa Uganda.

Jambo hilo lilikuwa limeguswa siku ya kwanza kabisa. Meneja wao, Harriet Athieno, alimwita ofisini, akamkaribisha chai, akasema huku akitabasamu:

"Huyu Ikiring si mtu wa kwenu?"

"Ni Mteso, Madam. Wateso ni wengi."

"Nauliza tu. Watu wasije wakasema."

Akiror aliondoka na neno lile. Tangu siku hiyo akawa mkali kwa skrini ya Ikiring kuliko ile ya chuma. Wengine walipoisifu kwa kazi yake ya siku ya kwanza, aliwaambia kwamba skrini yoyote huchapa vizuri siku ya kwanza. "Mimi nataka kuiona ikiwa imechoka," alisema, akaagiza itumike kuchapa mfululizo, kutwa nzima, siku baada ya siku, na kila jioni aliiwekea kipimo cha mvutano katikati na kwenye pembe zote. Kipimo kilishuka kidogo, kikatulia. Njia za kaboni zilibaki zimekaa pale pale. Skrini ya fundi wa Busia ilikuwa inakaribia kuifikia ile ya chuma, na uzuri wenyewe ukaanza kumtia shaka. Poliesta ya bei ile ilipata wapi nguvu hiyo?

Harriet alipita mara kwa mara kuuliza, "Bado hujaridhika tu?" Na siku mbili kabla Akiror hajatoa uamuzi, wembe ukapita.

Alikaa ofisini na ile skrini mezani, akiwaza ni nani. Chumba cha mashine kilikuwa na funguo mbili, yake na ya Olweny. Halafu akakumbuka Jumamosi. Alikuwa amekwenda Busia kununua kitenge, na nyuma ya maduka ya nguo, karibu na karakana ya Ikiring, aliona pikipiki nyekundu yenye stika ya Mtakatifu Yuda kwenye tangi. Ilikuwa ya Olweny. Siku ile hakuitilia maanani. Sasa aliigeuza na kuigeuza kichwani. Kama Olweny alikuwa rafiki wa Ikiring, kwa nini aikate skrini yake? Na kama alikuwa upande wa wakala wa Kampala, alitafuta nini Busia? Labda alikwenda kuomba kitu kidogo, akanyimwa, akarudi na hasira. Hilo ndilo lililoingia akilini, na likiisha kuingia, kila alichofanya Olweny kikalifaa. Akinyamaza, anaficha. Akicheka na vijana wa ghala, anawapanga. Akiuliza "Tutaomba skrini nyingine?", anataka kujua kama amegunduliwa.

Akiror akabadilisha kufuli ya chumba cha mashine. Olweny aliona, akajaribu ufunguo wake mara moja, akautoa mlangoni taratibu na kuurudisha mfukoni. Mchana huo alikula ugali wake peke yake, amempa Akiror mgongo.

Siku ya pili Akiror alishindwa kuvumilia. Alimkuta Olweny kwenye chumba cha kuoshea skrini, harufu ya dawa imejaa, maji yanatiririka, hakuna mtu mwingine.

"Olweny, nani amekata skrini ya Ikiring?"

Olweny alifunga bomba.

"Mimi," alisema. "Sasa nenda kamwambie ndugu yako."

Akiror alikuwa amejiandaa kwa uongo. "Ndugu yangu nani?"

"Usinifanye mtoto, Akiror. Ikiring. Jumamosi nilikwenda kwake. Nimejifanya natafuta wavu wa kuchapia fulana, akaniacha nizunguke. Unajua nimeona nini? Fremu. Zimepangwa ukutani mpaka karibu na dari, na ni za ukubwa wa mashine yetu. Nani mwingine hapa ana mashine ile? Zimeshavutwa, na wavu wake ni ule wa fulana, mzito, wa bei ya chini. Hata si ndugu ya ule uliotuletea kwa majaribio."

"Ulioletwa na Ikiring."

"Uliotuletea," Olweny alirudia. "Majaribio hayajaisha, mzigo umeshavutwa. Mtu gani anavuta mzigo wote ule kabla hajaambiwa amechaguliwa? Ni yule anayejua ameshachaguliwa. Na anayechagua ni wewe."

"Kwa hiyo ukaikata."

"Ungetia sahihi Ijumaa. Nilitaka usiwe na kitu cha kutilia sahihi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimwambie mwizi kwamba nimemwona?"

Akiror alihisi uso wake ukiwaka. Alitaka kumpiga kwa kitu. Kisha hasira ikapoa, ikageuka kitu kibaya zaidi, kwa sababu alijua kwamba yeye mwenyewe, kama angekuwa Olweny, angewaza vilevile. Na bado hakumwamini. Mtu aliyekata skrini anaweza pia kutunga hadithi ya fremu.

"Twende," alisema.

"Wapi?"

"Busia. Sasa hivi. Unionyeshe."

Walichukua pikapu ya kiwanda. Akiror ndiye aliyeendesha. Hawajamaliza hata kutoka mjini, Olweny akatoa simu mfukoni.

"Zima hiyo," Akiror alimwambia.

"Namwambia mke wangu nitachelewa."

"Zima, Olweny."

Olweny aliishikilia simu yake. "Na wewe zima yako."

Simu zote mbili zikawekwa juu ya dashibodi, zimezimwa, zikawa zinateleza kila pikapu ilipokata kona, na kila zilipoteleza wote wawili walizitazama.

Waliacha gari upande wa Uganda, wakavuka kwa miguu kati ya malori yaliyosimama foleni na wanawake waliobeba trei za mayai vichwani. Karakana ya Ikiring ilikuwa na mlango wa mabati uliofunguliwa nusu. Mwenyewe alikuwa ndani, mtu mfupi mwenye mikono mipana, anakaza wavu juu ya meza ya kuvutia kwa vibano. Ukutani, mpaka karibu na dari, zilikuwako fremu.

Akiror hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja, akashusha fremu moja, akatoa lenzi yake. Hakuhitaji hata kuhesabu nyuzi. Matundu yalikuwa makubwa, na alipobonyeza kwa kidole, wavu ulizama kama godoro.

"Hizi ni za nani?" aliuliza.

Ikiring alimtazama yeye, akamtazama Olweny, akaweka kibano chini. "Si ni zenu?"

"Nani alikuambia uzivute?"

"Dada, hii si haki. Mnakuja kuniuliza kitu mnajua."

"Mimi sijui."

"Basi muulize mkubwa wako." Ikiring alikuwa ameanza kukasirika. "Ile skrini ya majaribio niliivuta na wavu poa, ule wa maana, nikaunganisha mwenyewe kwa gundi na nikakaa nao siku kadhaa nikiukaza pole pole. Ile ni kazi yangu na sioni aibu. Nikataja bei. Madam Harriet akanipigia, akasema bei hiyo haiwezekani, nishushe. Nikamwambia nikishusha hivyo nitawapa wavu wa fulana, sina ingine. Akasema sawa, vuta hiyo. Nikamuuliza, na injinia atakubali? Akasema injinia atapitisha ile aliyoiona."

Olweny alicheka bila furaha. "Maneno matamu. Mtu hayupo, unamtwika mzigo."

"Kwa hiyo mimi ni mwongo?"

"Mpigie, basi. Weka spika."

Ikiring alisita. Akiror aliona jasho likitoka juu ya mdomo wake, asijue kama ni jasho la mwongo au la fundi anayeona mteja mkubwa akimponyoka. Hatimaye alipangusa mikono kwenye aproni, akabonyeza simu, akaiweka juu ya meza katikati yao. Iliita kwa muda mrefu.

"Ikiring," sauti ya Harriet ilisikika.

"Madam, shikamoo. Zile fremu za bei yetu, za wavu ule mzito, karibu zinaisha. Nilete zote, ama nichanganye na zingine za wavu ule wa kwanza?"

"Kwa nini unaniuliza jambo tulilomaliza?"

"Nahakikisha tu, Madam."

"Wa kwanza ulikuwa wa majaribio. Hayo tumeshaongea." Kisha sauti ikabadilika, ikawa ya chini zaidi. "Uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu."

Nje lori lilipiga honi. Harriet akakata simu.

Walirudi Tororo na fremu moja ya wavu wa fulana nyuma ya pikapu, na ahadi ya Ikiring kwamba kesho ataleta nyingine, ya wavu ule wa kwanza, aliyoivuta pamoja na ile ya majaribio. Njiani Olweny aliwasha simu yake bila kuomba ruhusa, na Akiror hakumkataza.

Lakini Harriet hakuwa mtu wa kungojea kukamatwa. Asubuhi walikuta wameitwa kwa Mzee Oboth, mwenye kiwanda, mfamasia mstaafu aliyeongea polepole na kusikiliza huku amefumba macho. Harriet alikuwa ameshakaa.

"Mzee, nimesema na narudia," alisema walipoingia. "Skrini ya majaribio imekatwa kwa wembe. Olweny ndiye aliyekuwa na ufunguo. Jana hawa wawili wamechukua gari la kiwanda bila idhini, wakaenda kwa muuzaji ambaye ni wa kabila la Akiror. Mimi simhukumu mtu. Naomba wewe ujiulize walikwenda kupanga nini."

Mzee Oboth alifumbua macho. "Olweny. Uliikata?"

Olweny akamtazama Akiror, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mpasuko alimtazama machoni. Akiror alijua kwamba yeye mwenyewe angeweza kusema hajui aliyeikata. Hakuna aliyepiga picha, na skrini yenyewe ilikuwa imefungiwa ofisini kwake.

"Aliikata," Akiror akasema kabla Olweny hajajibu. "Alidhani mimi ni mwizi. Mimi nami nilidhani mwizi ni yeye. Mzee, usiniamini mimi, na usimwamini yeye wala Madam. Kuna fremu nyuma ya pikapu. Ikiring anakuja na nyingine. Tuziweke kwenye mashine uone mwenyewe."

"Ikiring hatakuja," alisema Harriet.

Saa nne ilipita, ikaja saa tano. Mzee Oboth alikuwa ameanza kutazama saa yake. Akiror alisimama dirishani akilitazama lango, akijilaumu kwa kumtegemea mtu ambaye hata yeye hakumwamini, na Olweny nyuma yake alisema kwa sauti ndogo, "Nilikuambia." Ndipo bodaboda ikasimama langoni, na Ikiring akashuka amekumbatia fremu iliyofungwa kwenye blanketi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amezuiliwa mpakani akiulizwa hicho ni kitu gani.

Hawakuhitaji siku nyingi. Waliziba nyavu zote mbili kwa mchoro uleule, wakazikausha, wakapandisha kwanza ile nzuri, kisha ile nzito. Olweny aliendesha mashine, Akiror akachukua stripu, na Mzee Oboth mwenyewe akavaa miwani na kukaa kwenye meza ya kupimia. Skrini nzuri ilichapa na kuchapa, njia zikakaa sawa. Ile nzito ilianza vizuri. Hata Harriet alisogea karibu. Kuelekea jioni njia za kaboni zikaanza kuhama, taratibu, hadi zikapanda juu ya zile za fedha. Akiror alidondosha maji ya majaribio yenye sukari nyingi kwenye stripu, akaichomeka kwenye kipimo, akakigeuza kuelekea kwa Mzee. Kipimo kilionyesha sukari ya mtu mwenye afya njema.

Mzee Oboth aliichomoa ile stripu, akamwinulia Harriet.

"Harriet," alisema, "hiki kingeenda hospitali."

Harriet alikuwa amekunja mikono kifuani. Hakulia wala hakukana. "Mzee, ulinipigia kila Jumatatu ukaniambia gharama ishuke. Ilishuka. Kila nilipokuambia haiwezekani tena, uliniambia wengine wanaweza. Hukuniuliza hata mara moja nimeishushaje."

Mzee alivua miwani.

Harriet aliacha kazi mwenyewe kabla ya mwisho wa mwezi. Olweny alipewa onyo kali kwa kukata skrini, akalipokea bila kubisha. Uamuzi wa Akiror ulisimama hivi: skrini za chuma kwa wino wa fedha, kwa kuwa njia zake ni nyembamba mno, na skrini za Ikiring, za wavu ule wa kwanza na kwa bei yake ya kwanza, kwa wino wa kaboni. Hakuna skrini iliyoingia ghalani kabla ya yeye na Olweny kuipima pamoja. Ni Olweny aliyependekeza hivyo, na Akiror hakumuuliza kama ni kwa ajili ya skrini au kwa ajili yake.

"Bado unanishuku?" alimuuliza siku moja wakipima.

"Kidogo," Olweny alijibu. "Na wewe?"

"Kidogo."

Wakaendelea kupima.

Yaliyotokea katika chumba cha mashine yalijulikana kwa wachache. Waliobaki walijua kwamba Madam Harriet, wa kabila la Wajapadhola, ameondoka, na kwamba Ikiring, Mteso, amepata kazi. Akiror aliingia kwenye chumba cha kulia akakuta mazungumzo yakikatika. Mhudumu mmoja alimuuliza kama ni kweli yeye na Ikiring wametoka ukoo mmoja. Alianza kueleza habari za nyavu na mvutano, akaona macho ya yule mama yakitangatanga, akaacha.

Siku mzigo wa kwanza ulipofika, Ikiring mwenyewe aliuleta. Alishuka kwenye lori akiwa amevaa shati jipya, akamwona Akiror uwanjani, na furaha ikamzidi.

"Yoga noi, inac!" alipaza sauti kwa Kiteso, akimwita dada, mikono imenyooshwa.

Walinzi waligeuka. Wanawake wa zamu ya asubuhi, waliokuwa wakitoka, walisimama langoni. Akiror aliijua salamu ile tangu tumboni mwa mama yake, na jibu lake lilikuwa tayari mdomoni.

"Karibu, Bwana Ikiring," alisema kwa Kiswahili, bila kunyoosha mkono. "Usishushe kitu kwanza. Tumngoje Olweny."